Akii-Bua alishindaje akiwa njia ya kwanza, na kwa nini hakushinda tena?

SWALI: Salamu kocha. Nina umri wa miaka 21, ninakimbia mita 400 kuruka viunzi na muda wangu bora ni sekunde 50.9. Mwaka jana msuli wa nyuma ya paja ulichanika wiki tatu kabla ya majaribio ya taifa. Mwaka huu nilifika, nikapangiwa njia ya kwanza, nikagonga kiunzi cha nane na kuanguka. Baba mdogo anasema mbio hizi si zetu, niende mita 800 au mbio ndefu kama wenzangu wa hapa Bonde la Ufa. Mwalimu wangu wa shule ya upili alikuwa akituhadithia habari za John Akii-Bua wa Uganda. Je, ni kweli alishinda Olimpiki akiwa njia ya kwanza? Vikwazo vyake alivipitaje? Na kama alikuwa bora kiasi hicho, kwa nini hakushinda tena?

JIBU: Mdogo wangu, pole kwa msuli na pole kwa kuanguka. Umeuliza mambo matatu, na la tatu ndilo zito, kwa hiyo hilo nitalipa nafasi kubwa. Tuanze na lile jepesi.

Ndiyo, ni kweli. Tarehe 2 Septemba 1972, katika Uwanja wa Olimpiki wa Munich, Akii-Bua alikimbia fainali akiwa njia ya kwanza na kumaliza kwa sekunde 47.82. Hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48. Rekodi ya dunia ilikuwa 48.12, ya Mwingereza David Hemery, naye aliiweka Mexico City mwaka 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi huwabeba wakimbiaji wa mbio fupi. Akii-Bua aliivunja Munich bila msaada huo, na Hemery mwenyewe alikuwa kwenye mbio. Ralph Mann wa Marekani alikuwa wa pili kwa 48.51, Hemery wa tatu kwa 48.52. Wewe unayekimbia mbio hizi unajua sekunde 0.69 ni mwanya wa aina gani kwenye fainali. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda katika Olimpiki, na nchi ile ilingoja miaka 40 kupata ya pili, pale Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London mwaka 2012.

Sasa njia ya kwanza yenyewe, maana naona imekuuma. Inaogopwa kwa sababu kona yake ndiyo kali kuliko zote. Wa njia ya nane anazunguka duara pana, ilhali wa njia ya kwanza anavutwa nje muda wote anaokuwa konani na inambidi alaze mwili kwa ndani asipoteze mstari. Kwa mkimbiaji wa mita 400 za kawaida huo ni usumbufu tu. Kwa mruka viunzi ni taabu hasa, kwa kuwa nusu au zaidi ya viunzi kumi viko kwenye kona. Anayetanguliza mguu wa kushoto ana nafuu: mwili umeshalala upande huo, na mguu wa kulia unapofuata unapita juu ya ubao bila matata. Anayetanguliza wa kulia ndiye aliye hatarini. Mguu wake wa kushoto huning'inia nyuma, upande wa ndani wa kona, na ukipita pembeni mwa kiunzi chini ya usawa wa ubao, mwamuzi anainua bendera na mbio zako zimeisha hata kama umefika wa kwanza.

Hukuniambia unatanguliza mguu gani. Ningependa sana kujua, kwa sababu nina shaka kwamba hapo ndipo kiunzi cha nane kilipokuangusha, na nitalirudia hilo.

Njia ya kwanza ina faida moja ambayo makocha wengi hawaisemi: kwa jinsi mistari ya kuanzia inavyopishana, unawaona wote mbele yako. Wa njia ya nane anakimbia kipofu. Pale Munich njia ziligawanywa kwa kura, tofauti na leo ambapo wenye matokeo mazuri katika raundi iliyotangulia hupewa njia za katikati. Kura ikampa Akii-Bua ile mbaya, akaitumia kwa faida yake. Hemery aliondoka kwa kasi kubwa mno na kuongoza nusu ya kwanza. Akii-Bua hakumfukuza kwa pupa. Alimwachia atangulie, akashikilia hatua zake, kisha kwenye kona ya pili akaanza kumla taratibu. Walipoingia sehemu iliyonyooka alikuwa ameshamfikia, na kuanzia hapo mwanya ukawa unaongezeka hadi kwenye utepe. Alipomaliza hakusimama. Alizunguka uwanja akishangilia na bendera ya Uganda, akiruka viunzi ambavyo havikuwepo.

Alifikaje hapo? Wanaosimulia habari zake hupenda kuanzia Munich, na ndiyo maana vijana wanadhani alitokea tu. Alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 katika eneo la Lango, kaskazini mwa Uganda, kwenye familia ya chifu aliyekuwa na wake wanane na watoto 43. Riadha haikuwa ngeni nyumbani kwao, kwani kaka yake, Lawrence Ogwang, alishiriki Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Akii-Bua aliingia jeshi la polisi, lile ambalo lugha yake ya kambini imekuwa Kiswahili kwa miaka mingi, na polisi ndiko alikokuzwa kama mwanariadha. Alianza na mita 110 kuruka viunzi. Akajaribu kufuzu kwa Olimpiki ya 1968 katika mbio hizo, akashindwa.

Huo ndio mkwamo wake wa kwanza mkubwa, na nakuomba uuangalie vizuri kwa sababu unagusa ushauri wa baba yako mdogo. Mwaka huohuo wa 1968 kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, alifika Uganda kufundisha timu ya taifa. Alimtazama huyu kijana mrefu, mwenye hatua ndefu na pumzi, akaona anapoteza wakati kwenye mita 110, mbio zinazotaka mlipuko wa sekunde 13. Akamhamishia mita 400 kuruka viunzi. Kwa hiyo ndiyo, Akii-Bua alibadilisha mbio. Lakini alibadilisha kwa kufuata mwili wake na kile alichokuwa amekwisha kujifunza. Miaka aliyotumia kuruka viunzi virefu vya mita 110, ambavyo vina urefu wa sentimita 106.7, haikupotea. Alipokuja kwenye viunzi vya sentimita 91.4 vya mita 400, vilikuwa vifupi machoni pake.

Mwaka 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, na hakuwa mzima wa mwili. John Sherwood wa Uingereza alishinda kwa 50.03. William Koskei, aliyekuwa akiiwakilisha Uganda wakati ule na baadaye akaja kuiwakilisha Kenya, alikuwa wa pili. Mkenya Charles Yego akawa wa tatu. Akii-Bua alishika nafasi ya nne kwa sekunde 51.14, mbali na medali.

Soma tena muda huo. Alikuwa na miaka 20 na alikimbia 51.14. Wewe una miaka 21 na umeshakimbia 50.9. Sikuambii kwamba baada ya miaka miwili utakimbia 47, kwa kuwa aliyoyafanya yeye ni wachache sana duniani waliowahi kuyafanya. Ninachokuambia ni kwamba mtu aliyekuwa uwanjani Edinburgh siku ile, akamwona akimaliza wa nne zaidi ya sekunde nzima nyuma ya mshindi, hangeweza kusema huyu ndiye atakayevunja rekodi ya dunia. Muda wako wa leo hautoshi kutoa hukumu ya mwisho juu yako, iwe nzuri au mbaya.

Kilichobadilika kati ya Edinburgh na Munich ni kazi, na kazi yenyewe ilikuwa na mpango. Kampala ya miaka ile haikuwa na uwanja wa tartani, yaani wenye njia za mpira wa kisasa. Arnold na Akii-Bua walitumia walichokuwa nacho. Alikimbia amevaa fulana iliyotiwa uzito. Alifanya mazoezi juu ya viunzi vilivyoinuliwa kuliko vya mashindano. Alijenga pumzi kwa marudio marefu ambayo wakimbiaji wengi wa viunzi wangeyakwepa kabisa. Na jambo ambalo kwangu mimi ndilo siri ya Munich: alijifunza kutanguliza mguu wowote, wa kushoto au wa kulia. Mwaka 1971 alikwenda Durham, North Carolina, kwenye mashindano ya Afrika dhidi ya Marekani, akakimbia 49.00. Mwaka huo ulipokwisha, hakuna mtu duniani aliyekuwa amekimbia kasi kuliko yeye. Hata hivyo wengi hawakumpa nafasi Munich, kwa kuwa hakuwa na mashindano mengi makubwa nyuma yake.

Nikueleze kwa nini miguu miwili ni muhimu hivyo. Kati ya kiunzi na kiunzi kuna mita 35. Ukiondoa umbali wa kuruka na kutua, unabaki na mita 31 na kitu za kukimbia. Anayetumia hatua 13 anahitaji hatua ya takriban mita 2.4, na atakuwa anaruka kwa mguu uleule kila mara. Mwanzoni ni rahisi. Kufikia kiunzi cha sita au cha saba miguu imejaa asidi, hatua zinafupika zenyewe, na mtu anaanza kujinyoosha ili afike. Hapo kuna njia tatu. Unaweza kulazimisha 13 ukafika mbali mno na kiunzi, ukakigonga. Unaweza kushuka hadi 15, ukabaki na mguu wako uleule lakini ukapoteza muda kwa kukatakata hatua. Au unaweza kutumia 14, ambazo ndizo zinazoendana na mwili uliochoka kidogo, ila sasa utafika kwenye kiunzi na mguu mwingine. Asiye na mguu wa pili hana njia hiyo ya tatu. Akii-Bua alikuwa nayo. Ndiyo maana uchovu uliowavunja wengine kwenye kona ya pili ya Munich haukumvunja yeye.

Wewe uligonga cha nane. Hicho kiko mita 290 kutoka mwanzo, mahali ambapo kona ya pili inaelekea kwisha na miguu inawaka. Naamini hukuangushwa na njia ya kwanza peke yake. Uliangushwa na hatua zilizofupika kwenye kona kali huku ukiwa na mguu mmoja tu wa kuchagua, na pengine na paja ambalo hujaliamini tena.

Sasa tuje kwenye swali lako la tatu. Nimesikia watu wakisema Akii-Bua alilewa sifa, au kwamba Munich alibahatisha. Maneno hayo hunikera kwa sababu ukweli uko wazi na unauma.

Mwaka 1973 alikwenda Lagos kwenye Michezo ya Afrika Nzima akashinda kwa 48.54, muda ambao ungempa fedha kasoro kidogo tu pale Munich. Alikuwa bado bora. Lakini nyumbani kwake palikuwa pamebadilika. Idi Amin alikuwa ameipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971. Obote alikuwa mtu wa Lango, na Akii-Bua pia. Askari na raia wa Lango na Acholi waliuawa kwa wingi chini ya utawala ule. Amin huyohuyo alimpandisha Akii-Bua cheo katika polisi, akampa nyumba, jina lake likawekwa kwenye barabara ya Kampala. Kila ulimwengu ulipouliza kuhusu mauaji ya watu wa Lango, alitolewa mfano: mtazameni Akii-Bua, ni wa Lango na anaishi vizuri. Jaribu kufikiria kufanya mazoezi ukiwa umebebeshwa hilo. Zawadi zake zilikuwa kamba shingoni, na alilijua hilo.

Kisha ukaja mwaka 1976. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu, na nchi zaidi ya ishirini za Afrika zikaamua kususia Olimpiki ya Montreal kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki. Kwa maoni yangu sababu ya mgomo ilikuwa ya haki. Ila gharama yake ililipwa na vijana ambao Olimpiki huwajia mara moja au mbili maishani. Akii-Bua alikuwa na miaka 26, umri mzuri kabisa kwa mruka viunzi. Hakukimbia. Mmarekani asiyejulikana sana, Edwin Moses, alishinda kwa 47.63 na kuichukua rekodi ya dunia. Mpambano wa wawili hao katika Olimpiki haukutokea.

Mtanzania Filbert Bayi alipatwa na hayohayo. Alikuwa mwenye rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.2, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974 huku John Walker wa New Zealand akimfuata nyuma. Dunia nzima ilisubiri Montreal. Tanzania ikasusia, Walker akashinda bila Bayi. Miaka minne baadaye, Moscow 1980, Bayi alijitokeza katika mita 3000 kuruka viunzi na maji, akapata fedha. Huyo naye alibadilisha mbio, na medali yake ya Olimpiki iko hapo kwa sababu hiyo. Mwaka huohuo Moses alionja dawa ileile, maana safari hii Marekani ndiyo iliyosusia. Yeye alikuwa na umri na mazingira ya kusubiri, akarudi Los Angeles 1984 akashinda tena.

Akii-Bua hakuwa na mazingira hayo. Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala na utawala wa Amin ukaanguka. Yeye alikuwa akihofia ataonekana kibaraka wa Amin, yeye ambaye watu wa kabila lake ndio waliochinjwa. Akakimbilia Kenya na familia yake, na huko akawekwa kambi ya wakimbizi. Bingwa wa Olimpiki, kambini. Kampuni ya viatu ya Puma, ambayo alikuwa akivaa viatu vyake, ndiyo iliyomtoa na kumpeleka Ujerumani, akafanya kazi nao kwa miaka kadhaa. Akiwa na miaka 30 aliiwakilisha Uganda tena Moscow 1980, akaishia nusu fainali. Baadaye alirudi nyumbani, akawa kocha. Alifariki tarehe 20 Juni 1997 akiwa na miaka 47, mjane, akaacha watoto kumi na mmoja. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa.

Kwa hiyo hakushinda tena kwa sababu mikwamo yake haikuwa ya aina moja. Kushindwa kufuzu 1968, nafasi ya nne Edinburgh, njia mbaya Munich: hayo yote yalikuwa uwanjani, na mazoezi yaliweza kuyafikia. Mgomo, Amin, vita na kambi vilikuwa nje ya uwanja, na hakuna fulana ya uzito inayomwandaa mtu kwa hayo. Ukichanganya aina hizo mbili utamlaumu mtu kwa mambo ambayo hakuwa na uwezo nayo, au utajilaumu wewe.

Na mikwamo yako, nikiitazama, yote iko uwanjani. Hiyo ni habari njema.

Kuhusu baba mdogo, mheshimu, lakini kwa hili hana habari kamili. Mbio hizi si zetu? Daniel Kimaiyo wa Kenya alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978. El Hadj Amadou Dia Ba wa Senegal alipata fedha ya Olimpiki Seoul 1988 kwa 47.23, mbele ya Moses. Samuel Matete wa Zambia alikuwa bingwa wa dunia 1991, na 47.10 aliyokimbia Zürich mwaka huo ndiyo ikawa rekodi ya Afrika. Kisha Beijing 2015, Nicholas Bett, kijana wa Bonde la Ufa kama wewe, alipangiwa njia ya tisa, ile ya nje kabisa ambako huoni mtu, akashinda ubingwa wa dunia kwa 47.79. Mwaka uliofuata Mkenya Boniface Mucheru alipata fedha ya Olimpiki Rio kwa 47.78. Linganisha na 47.82 ya Akii-Bua. Miaka 43 baada ya Munich, bingwa wa dunia alikuwa mbele yake kwa sekunde 0.03 tu. Bett alifariki kwenye ajali ya gari mwaka 2018, na nadhani hatujamkumbuka inavyostahili.

Kuhusu kuanguka, sina mengi ya kusema, kwa kuwa kila mruka viunzi huanguka. Gail Devers wa Marekani aliugua ugonjwa wa Graves, unaoshambulia tezi ya shingo, hata mapema 1991 madaktari walifikia kuzungumzia kumkata miguu baada ya matibabu ya mionzi kuiharibu. Agosti ya mwaka huohuo alipata fedha ya dunia katika mita 100 kuruka viunzi. Barcelona 1992 alishinda dhahabu ya mita 100, na katika fainali ya viunzi alikuwa akiongoza hadi kiunzi cha kumi. Akakigonga, akayumba na kuangukia mstari wa mwisho, wa tano. Alikuja kuwa bingwa wa dunia wa viunzi 1993, 1995 na 1999. Medali ya Olimpiki ya viunzi hakuipata kamwe. Namtaja ili ujue pia kwamba kurudi hakuhakikishi kulipwa kila ulichopoteza.

Sasa kazi yako. Paja kwanza. Msuli wa nyuma ya paja uliowahi kuchanika hupenda kuchanika palepale, hasa miezi ya kwanza baada ya kurudi. Tafuta mtaalamu wa viungo akupime nguvu ya mguu ulioumia dhidi ya mzima. Kama bado kuna tofauti kubwa, usiruke kiunzi hata kimoja kwa kasi ya mashindano. Fanya mazoezi ya kuuimarisha msuli huku ukinyooka: piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, shuka mbele polepole ukijizuia kwa mapaja mpaka ushindwe. Anza na marudio machache, maana yanaacha maumivu makali siku ya pili. Kisha kimbia kwa kasi kamili bila viunzi, sehemu iliyonyooka, baadaye konani. Ukimaliza wiki kadhaa bila kuhisi kuvutwa, ndipo uweke viunzi, na uanze na vifupi. Watu wengi hurukia hatua ya mwisho kwa sababu majaribio yamekaribia, na naogopa wewe ulifanya hivyo mwaka huu.

Pili, mguu mwingine. Tenga sehemu ya kila kipindi cha viunzi kwa mguu usiouzoea. Tumia viunzi vya chini, mwendo wa wastani, hata kama unajiona mtoto tena. Itachukua msimu mzima kabla haujawa wa kutumainiwa kwenye mbio. Ukifika hapo, panga mapema utabadilisha hatua kwenye kiunzi gani. Kwa muda wako ningejaribu 14 hadi cha tano au cha sita, halafu 15, badala ya kung'ang'ania 13 ambazo huna urefu wa hatua wa kuzibeba. Anayebadilisha kwa hiari anapoteza sehemu chache za mia za sekunde. Anayebadilishwa na uchovu anagonga.

Tatu, fanya viunzi vya konani ukiwa njia ya kwanza kila wiki, kona zote mbili. Wenzako watakimbilia njia ya tatu na ya nne kwa kuwa ni raha. Waachie.

Na nje ya uwanja: usiikimbilie riadha ukaacha kila kitu kingine. Kama polisi, magereza au jeshi wanachukua wanariadha, peleka jina lako, lakini soma unachosaini na usikatishe masomo ukiwa nayo. Akii-Bua alikuwa na kazi, nyumba na cheo, na vyote vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Cheti chako kiwe mikononi mwako.

Niandikie tena uniambie unatanguliza mguu gani na unatumia hatua ngapi hadi kiunzi cha kwanza. Kama una video ya mbio uliyoanguka, hata ya simu, itume. Nataka kuona kiunzi cha sita na cha saba, kwa maana kosa la cha nane huanzia huko.